Biringanya ya Visalam

"Chumvi bado," akasema Sambamurthi, na uso wake ukapotea tena ndani ya mvuke.

Sufuria ile ya shaba ilikuwa pana kiasi cha kumwogeshea ndama, na mchuzi wa dengu uliokuwa ukitokota ndani yake ulikuwa wa harusi ya mwenye kinu cha mpunga, mtu aliyealika nusu ya mji wa Mannargudi ili nusu iliyobaki ione wivu. Hakuna aliyekuwa ameuonja mchuzi huo, wala hakuna ambaye angethubutu. Pakuo la kwanza la chakula cha harusi ni la Mungu, na mpishi anayetanguliza ulimi wake hurudishwa kwao na miiko yake shingoni. Kwa hiyo Sambu, kama alivyoitwa mjini kote, alipika kwa pua. Ilikuwa pua kubwa, imepinda kidogo kushoto, nayo ilizoea kufika mahali kabla ya mwenyewe. Watu husema chumvi haina harufu. Watu hao hawajazeeka juu ya sufuria.

Akatupa gao moja la chumvi, akangoja povu ligeuke, akainama tena.

"Sasa," akasema.

Hapo ndipo Kuppusami alipochungulia mlangoni, mwavuli kwapani na jua linawaka. Zamani alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, na ingawa alikwisha kustaafu, hakuweza kuona watu watatu wamesimama pamoja asiwapange safari. Msimu wa harusi ukiisha, angewachukua watu wa Mtaa wa Kaskazini kwenda kuhiji. Kwanza Rameshwaram, kuchota mchanga wa ufuo ule ambao Rama alisimama akiitazama Lanka, mkewe yuko utumwani ng'ambo. Kisha treni hadi Prayag, mchanga umwagwe mtoni Ganga. Kisha Kashi, mji wa Shiva. Kisha Gaya. Halafu maji ya Ganga yarudishwe Rameshwaram yamwogeshe Mungu kule mchanga ulikotoka. Alikuwa ameichora safari nzima kwa chaki kwenye sakafu ya hekalu, na mbuzi wa kuhani alikuwa ameshailamba Kashi mara mbili.

Leo alikuja na swali alilomwuliza kila msafiri. "Bwana Sambu, Gaya utaacha nini?"

Maana Gaya hakuna aendaye akarudi mzima mdomoni. Chini ya mti mkubwa wa pale, kila mtu huacha chakula kimoja akipendacho, na akishakiacha hakigusi tena mpaka siku maiti yake inachomwa.

"Fenesi," akajibu Sambu bila kupepesa.

Jiko zima likaguna kwa huruma. Msimu wa fenesi huyu bwana hujifungia uani na kisu na chupa ya mafuta, akatoka jioni akinata kama bahasha. Kuppusami akampiga bega, akasema huyo ndiye hujaji, si wale wanaoacha majani ya mwituni. Sambu akarudi kwenye sufuria yake akichekelea ndani kwa ndani. Alijiona mjanja. Alikuwa ameokoa kitu, na hakuna aliyejua kwamba kilikuwa hatarini.

Kitu chenyewe kilikuwa biringanya.

Si biringanya za harusi, zile alizozipika kwa magunia na kuzisahau kabla sufuria hazijapoa. Ni biringanya ya mkewe. Visalam hakujua kupika, na tusimsingizie, mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema. Wali wake ulikuwa ama uji ama kokoto. Nyumbani mle Sambu ndiye aliyepika, isipokuwa kitu kimoja ambacho Visalam alitoka nacho kwa mama yake: biringanya iliyochomwa juu ya makaa mpaka ngozi ikauke kama karatasi, ikapondwa na ukwaju, pilipili, mvuje na mafuta ya ufuta. Ile aliiweza. Aliipika akionja, akiongeza, akionja tena, mpaka robo ya chungu ilikuwa imeshamalizikia ulimini mwake, na iliyobaki ilikuwa jambo ambalo Sambu, na pua yake yote, hakuwahi kuliiga. Mtu aliyelisha maelfu alirudi nyumbani akiwa na njaa ya kitu hicho kimoja.

Visalam alipewa jina la mungu wa kike wa Kashi. Tangu utoto aliahidiwa kupelekwa kwa somo yake huyo, na kila mwaka watu wengine waliolewa, sufuria zikapangwa, na Kashi ikasogezwa mbele. Mwaka huu Sambu alikuwa ameapa. Kijungu cha shaba cha kuchukulia mchanga kilikuwa juu ya rafu ya kuabudia, na Visalam alikisugua kwa ukwaju kila Ijumaa hadi ungeweza kujitazamia meno ndani yake.

Jioni ile Sambu aliporudi, habari zilikuwa zimeshamtangulia. Mtaa wa Kaskazini ni mfupi na midomo yake ni mirefu.

"Fenesi," akasema Visalam.

Siku hiyo makaa hayakuwashwa. Kesho yake hayakuwashwa. Siku ya tatu Sambu akauliza, kwa sauti ya mtu anayegusa sufuria asiyejua kama ina moto, je, sokoni hakukuwa na biringanya?

"Zimejaa," akasema Visalam. "Ila sikujua kama mtu wa fenesi hula biringanya. Gaya mtu huacha akipendacho kuliko vyote, Baba Gomati. Kumbe miaka yote hii mimi nilikuwa nakimbia nyuma ya fenesi."

Gomati alikuwa binti yao, ameolewa Trichy, na alikuwa na bahati ya kutokuwepo. Sambu akajieleza. Akasema alilitaja fenesi makusudi ili biringanya isalimike, maana angeitaja yenyewe, angeila wapi tena? Alidhani maneno hayo yangetoa asali. Yalitoa moshi.

"Kwa hiyo unakwenda kumdanganya Mungu, tena kwa jina langu," akasema Visalam. "Umemsahau Kuppusami?"

Nani angemsahau. Safari yake ya kwanza Kuppusami aliacha karela, mboga chungu kama deni, ambayo hajawahi kuipenda, akarudi nyumbani akijisifu kwamba amepita bure. Haukupita muda akashikwa na kisukari, na tabibu akamwambia dawa yake ni maji ya karela kila asubuhi. Hawezi kuyanywa. Ndiyo maana kila siku, iwe jua iwe mvua, utamwona akilizunguka bwawa la hekalu kwa miguu na mwavuli wake, anapunguza sukari kwa njia ya mbali.

"Basi nitaacha biringanya," akasema Sambu.

"Na mimi nitakupikia nini? Maji?"

Akatoka nje. Mtu akishindwa ndani, baraza lipo. Akamweleza Kuppusami mpango mpya: aache biringanya zote za dunia, za harusi, za hekalu, za hotelini, za mkono wake mwenyewe, ila moja tu ya mkewe ibaki. Shangazi Jambagam wa nyumba ya pili, mjane aliyekuwa akichambua mchele bila kusikiliza, akasema kwamba kwa hesabu hiyo yeye ataacha maembe yote isipokuwa matamu. Baraza likacheka. Kuppusami hakucheka.

"Usimwekee Mungu masharti, ndugu yangu," akasema. "Na yeye anayo ya kwake. Niulize mimi."

Sambu aliporudi ndani, Visalam alikuwa anakifunga kijungu cha shaba kwenye kitambaa, kama mtu anayekabidhi mzigo wa wenyewe. Akamwambia waende tu, yeye atabaki kuangalia nyumba. Wakifika Kashi wamsalimie somo yake.

Alilisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Sambu. Hasira angeipikia kitu. Akaona maisha yake yote mbele: Kashi imesogezwa tena, safari hii si kwa harusi ya mtu, ni kwa ulimi wake mwenyewe.

Akafanya alilokuwa akilifanya kila jioni wiki ile. Kule Prayag, ukingoni mwa mto, mume humchana mkewe na kumsuka, watu wakitazama, kabla ncha ya msuko haijakatwa na kutolewa mtoni. Wanaume wa Mtaa wa Kaskazini, waliokuwa hawaogopi nyoka, walikuwa wanaiogopa siku hiyo. Sambu alikuwa amefunga nyuzi za mgomba kwenye komeo la mlango, na akaketi kujizoeza kusuka. Kushoto, katikati, kulia. Zikajiviringa. Akazifumua, akaanza tena.

"Unamsukia nani?" akauliza Visalam. "Nimesema siendi."

"Nimesikia," akasema Sambu, akaendelea.

Kushoto, katikati, kulia. Visalam akatazama kwa muda ambao mwanamke yeyote anaweza kutazama kazi mbovu akanyamaza, muda ambao si mrefu.

"Hiyo ni kamba ya ng'ombe. Legeza." Akaketi kando yake, akazishika zile nyuzi. Vidole vyake vilinukia moshi wa makaa ya zamani. "Hivi. Usikabe. Sisafirishwi, nasukwa."

Sambu akacheka kupitia puani, na kwa pua ile kilikuwa kicheko kikubwa. Visalam akajaribu kuuzuia mdomo wake, ukamponyoka. Wakasuka pamoja hadi mwisho wa nyuzi, na walipofika mwisho Visalam akasema, bila kumtazama, "Kati ya matunda yote, fenesi si ndilo unalolipenda?"

"Ndilo."

"Basi hujamdanganya mtu. Liache hilohilo." Akafunga fundo. "Biringanya si yako kuiacha. Nani hukikomba chungu? Nani huila ikiwa bado motoni? Ni yangu. Huwezi kumtolea Mungu mali ya mtu mwingine. Nitaiacha mimi."

Sambu akageuka. "Uiache wewe? Na utapikaje bila kuonja?"

"Kama upikavyo wewe. Nimelala kando ya pua hiyo tangu nikiwa msichana. Kitu lazima kimeniambukiza."

Mchana wa siku ya kuamkia safari, virago vikiwa vimeshapangwa barazani na Kuppusami ameshapita kuvikagua, Visalam akawasha makaa. Sambu aliamriwa aketi nje, mgongo mlangoni, na asishauri. Akaketi. Pua haikuamriwa chochote.

Ngozi ya biringanya ikapasuka. Mafuta ya ufuta yakapata moto, haradali zikaruka, mvuje ukapanda ukaijaza nyumba. Pilipili. Ukwaju. Hapo Visalam, siku zote, angelamba kidole, akafikiri, akaongeza. Leo Sambu akasikia kimya, kisha pumzi ndefu ikivutwa juu ya chungu, pumzi ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ngeni. Akaingoja chumvi. Chungu kikakorogwa. Akaendelea kuingoja. Chungu kikateremshwa.

Sambu akakohoa.

"Usikohoe," ikatoka sauti ndani.

"Mama Gomati, onja tu. Gaya bado iko mbali."

"Nikionja leo, na nikirudi nitaonja. Njoo ule."

Jani la mgomba lilikuwa limetandikwa sakafuni, limenyunyiziwa maji. Pembeni juu kulikuwa na chumvi kidogo, kama iwekwavyo kwenye kila jani la kila mlo, ya mtu kujiongezea akipungukiwa. Wali katikati, unatoa moshi, na biringanya juu yake, nyeusi, inang'aa. Visalam akasimama na mwiko mkononi. Hakumtazama mumewe usoni. Aliitazama ile chumvi. Mkono ukienda pale, basi amekwisha kujibiwa, na Gaya angeacha kitu kingine, au Sambu angeacha, na wote wawili wangekula wali wa huzuni mpaka uzee uwamalize.

Sambu akachanganya, akatia kinywani, akatafuna.

Ilikuwa kama kusalimiwa na mtu umpendaye amekaa mbali kidogo. Kila kitu kilikuwepo: moshi, uchachu, ule ukali unaokuja nyuma kama mgeni aliyechelewa. Kitu kimoja tu hakikuwepo, na kilikuwa pale pale juu ya jani, karibu na kidole chake cha shahada.

Akala. Akala kama alavyo siku zote, kichwa chini, bila maneno. Jani lilipokuwa tupu, akasogeza mkono kidogo, kama waonyeshavyo watu wanaotaka kuongezwa. Visalam akaongeza. Akala na ya pili. Akainuka.

Hakulikunja jani, maana mkewe angekula kwenye jani hilohilo, kama mama yake Visalam alivyokula na bibi yake kabla yake. Akaenda uani, akachota maji kwa kata, akaanza kunawa. Nyuma yake akamsikia Visalam akiketi, bangili zikigongana, wali ukipakuliwa. Akasikia tonge la kwanza likiviringwa kwa utulivu wa mtu anayeagana na kitu.

Kisha akasikia kutafuna. Kisha akasikia kutafuna kumesimama.

Sambu hakugeuka. Aliendelea kuumiminia maji mkono uliokuwa umeshatakata. Muda ukapita, muda wa kutosha mtu kutazama pembe ya jani, akaona punje nyeupe zimekaa kama zilivyowekwa, hakuna hata moja iliyosogezwa.

Kicheko cha Visalam kikaanza chini kabisa, kama chungu kinachokaribia kuchemka, kikapanda, kikafurika hadi barazani penye virago, mpaka Shangazi Jambagam akauliza kwa sauti kutoka nyumba ya pili kuna nini huko. Sambu akachota kata nyingine ya maji, akaimimina taratibu, akisikiliza.