Ngozi ya Léonidas

...na moyo unaingiaje hapa, yeye amekuja na ngozi, ngozi ya viwiko na magoti na ile ya nyuma ya sikio inayodondoka kwenye kola kama unga wa muhogo, aandikiwe mafuta yake arudi nyumbani Tumba, lakini daktari huyu kijana, ndevu zenyewe bado zinajiuliza kama ziote, amemfunga mkono kwa kitambaa cha kupimia presha, amekishika kidole chake kilichovimba kama ndizi, ameziinamia kucha zenye vitobo kana kwamba zimechomwa sindano, halafu akauliza jambo kwa Kiswidi, na Alma, mjukuu wake, koti mapajani, akaligeuza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Koko, anauliza, kwa familia yenu kuko mtu alikufa na moyo?", na Xavérine akatazama dirishani theluji ya Farsta iliyochafuka, maana maswali yamezidi sasa, kwanza vidole, vinakakamaa asubuhi?, akasema hapana, uongo mtupu, asubuhi hata kifuniko cha maziwa kinamshinda na pete ya ndoa ilibidi ikatwe kwa koleo, kisha sukari, kisha eti una huzuni?, huzuni!, nani hana huzuni Stockholm mwezi wa kwanza, hata mbwa wao wana huzuni, wanavalishwa makoti... "Koko, svara nu, jibu basi," Alma akasema, na daktari akaongea tena polepole, mikono ikichora hewani, Alma akimfuata nyuma, "anasema soriasisi haiko ya ngozi tu, alltså, yaani, ni mwili inajipiganisha yenyewe, kwa ndani, inaweza kuingia kwa viungo, na watu wenye iko nayo wanapata zaidi sukari, na ugonjwa ya moyo, haiko kila mtu, lakini anataka kujua mapema," kwa ndani, amesema kwa ndani, na Xavérine akamwona akilini Léonidas, kaka yake, fundi cherehani wa Butembo kwao, viwiko hivi hivi, magamba haya haya yaliyomfanya avae kofia hata mezani, wateja wakanong'ona ukoma wakahamisha vitambaa vyao, vidole vikanenepa mpaka vikakataa kuingia kwenye mkasi, na mwaka ule wa mwisho akawa anasimama katikati ya kilima cha kwake, mkono kifuani, akisema ni vumbi, ni vumbi tu, mpaka harusi ya binti yake, alipopokea kibuyu cha pombe ya ndizi kwa Emery jirani yake, akanywa, akajifuta mdomo, akateleza kutoka kitini kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba, na kabla mwili haujapoa watu walishapata jibu, sumu, Emery amemtilia sumu, usiku ule nyumba ya Emery ikawa majivu, na tangu hapo Xavérine hajala chakula cha mkono wa mtu, hata huku, kwenye sherehe za kanisa anabeba fufu na sombe yake ndani ya kopo la aiskrimu, Madeleine mpishi akamwuliza mbele za watu, "Mama Xavérine, chakula yetu iko na nini?", akamjibu, "Iko na mikono yako," watu wakacheka, na Madeleine huyo huyo, alipoviona viwiko vyake, akakipangusa kiti alichokuwa amekalia Xavérine, ndivyo walivyoogopana miaka yote, huyu sufuria, yule ngozi, na daktari anasema haiambukizi, hata kumwogesha mtoto mchanga ruhusa... lakini kibuyu, ngoja, kibuyu kile Emery alikionja yeye kwanza, mwenye pombe lazima aonje mbele ya mgeni, na alionja, gumegume lile la jirani, lilikunywa mpaka povu likabaki kwenye masharubu, kisha wazee, kisha yeye mwenyewe Xavérine, akasema kwa sauti pombe yenyewe chachu, kisha ndipo Léonidas, na hakuna mwingine aliyeumwa hata tumbo, hakuna, na watu wote walikuwepo, na watu wote walijua... basi sumu gani hiyo, ya kumjua mtu mmoja kwa jina, yeye amelinda mdomo miaka yote hii na mwizi alishalala ndani ya nyumba, kitambaa kikaanza kubana tena, akausikia moyo wake ukigonga kwenye kiwiko, du, du, ukaruka kidogo, umeruka au amewaza, ndivyo ulivyoanza wa Léonidas, na je, akisema hapana, hapana moja tu nyepesi kama zile nyingine, atapewa mafuta yake na atakuwa nyumbani kabla giza halijaingia... "Koko? Anangojea," Alma akasema, akiingiza kucha nyuma ya sikio lake, akikuna, kama anavyokuna tangu vuli, anasema ni shampuu mpya, na kwenye kola nyeusi ya sweta yake kulikuwa na unga, kidogo tu, mtu asingeuona, ila mtu wa ukoo ule, na Xavérine akahisi hofu yake ikihama kifuani mwake, ikivuka chumba, ikikaa kwenye kola ile, daktari kalamu bado hewani, kitambaa bado kimeushika mkono, swali bado ni lile lile, "Umuambie kuko mmoja," akasema, "Léonidas, kaka yangu, na hakuna mtu alimuua... na ukimaliza kumuambia, Alma, mwanangu, umuonyeshe na sikio yako."