Kifaransa cha Kumsalimia Nyanya

Wazo la Kifaransa lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Ntwari, mchumba wa binti yangu, aliposema kwamba nyanya yake anakuja kutoka Bujumbura, na kwamba kwao hakuna harusi bila baraka yake, chakula hakikunishuka siku tatu. Mamake, Concilie, hajawahi kunificha kwamba angependa mkamwana Mrundi. Shirleen wangu amezaliwa hapa hapa Sydney na kinywa chake ni cha Kiingereza tangu chekechea. Nikamwambia Warundi ni watu wa Kifaransa. Nenda kajifunze, na usimwambie Ntwari, iwe zawadi.

Akajiandikisha katika chuo kimoja hapa kwetu Campbelltown, kila Jumatano baada ya kazi, kwa mwalimu mwanamke kutoka Lyon. Ilikuwa miezi saba ya manung'uniko. Kwa nini meza iwe ya kike na kitanda kiwe cha kiume? Kwa nini sabini iitwe sitini-na-kumi? Kwa nini nguo itangulie na rangi ije nyuma? Na kwa nini mtu awe "na" miaka ishirini na minne, kana kwamba ameibeba mfukoni?

Nilimcheka. Nikamwambia hata sisi tuna miaka, na nguo yetu hutangulia rangi yake. Kuhusu ke na ume, Kiswahili kina ngeli tele, sasa hizo mbili za Wafaransa ni za kulilia? Alinitazama kama niliyemletea habari za nchi asiyoijua, akanijibu kwa Kiingereza. Hunijibu hivyo siku zote. Mimi ni Mmeru, babake, Muema, ni Mkamba, na Kiswahili ndicho tulichooana nacho. Nikimsemesha anaelewa kila neno, kisha ananirudishia Kiingereza. Nilishazoea, watoto wa huku ndivyo walivyo.

Kilichoninyima raha ni kwamba Kifaransa kina "wewe" mbili, moja ya rafiki na moja ya heshima, na Shirleen alikuwa akizichanganya kila mara. Nilishaona posa ikivunjika sebuleni kwa watu kwa sababu mwanangu amemwita mwanamke wa miaka themanini kama anavyomwita paka.

Jumamosi ya kwenda kumsalimia nyanya Muema alikuwa zamu, kwa hiyo tulikwenda wawili. Kutoka Campbelltown hadi Doonside, nyumbani kwa kina Ntwari, tulibadilisha treni mara mbili, na njia nzima nilimrudisha kwenye salamu yake. Kufika Blacktown aliniomba ninyamaze.

Concilie alitupokea vizuri. Nyanya Irambona alikuwa kwenye kochi, kitenge begani, soksi nzito miguuni kwa ajili ya baridi. Shirleen akainama, akamshika mikono yote miwili, akamwaga Kifaransa chote bila kukwama, na "wewe" ya heshima ikakaa mahali pake. Ntwari alibaki mdomo wazi. Mimi nilivimba kichwa, nakiri.

Nyanya hakujibu. Concilie akaanza kushukuru kwa niaba yake mbio mbio, merci, merci. Shirleen akadhani hakusikika. Akarudia yote taratibu, kwa sauti ya juu. Yule mama mzima akainamisha macho na kushika pindo la kitenge chake, kama mtu aliyeitwa mbele ya karani na hana karatasi inayotakiwa.

Concilie alinivuta hadi jikoni. Kwa sauti ya chini akanieleza kwamba mamake hakuingia darasani hata siku moja. Kifaransa kwao ni cha waliosoma, cha maofisa. Yeye ana Kirundi chake, na Kiswahili alichokipata katika miaka kumi na minne ya kambi ya wakimbizi Kigoma.

"Umemuaibisha mama yangu mbele ya mjukuu wake, Mama Shirleen," akasema. "Kwa nini hukuniuliza?"

Sikumuuliza kwa sababu ya kiburi. Sikutaka anione nikihangaika kumpendeza.

Nilirudi sebuleni, Concilie nyuma yangu, nikapiga magoti kwenye zulia, nikamwomba nyanya msamaha kwa Kiswahili. Akainua kichwa.

"Kumbe munajua Kiswahili? Basi mbona munanitesa?" Kisha akamgeukia Shirleen. "Weye. Unamutaka mujukuu wangu? Sema mwenyewe, kwa kinywa chako."

Nilifungua mdomo nimjibie. Nyanya akaniinulia kiganja bila hata kunitazama. Shirleen alinigeukia, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumpa hata neno moja. Nilimwomba Mungu. Nilijua maneno anayo, ameyasikia maisha yake yote, lakini ulimi wake haujawahi kuyabeba. Ntwari alisogea kumsaidia, mamake akamshika mkono.

"Mimi nataka yeye," Shirleen akasema. "Mimi nataka yeye sana. Pole, nyanya. Mimi sijui kusema mzuri."

Nyanya alicheka hadi akakohoa. Akasema kambini aliona watu wakioana kwa Kiswahili kibovu kuliko hicho, na wamezaa, na wamezeeka pamoja. Akamsogezea nafasi kwenye kochi, akamwambia Concilie alete chakula, huyu sasa ni wetu.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi, nilimsikia Concilie akicheka jikoni. Lakini pale kochini nyanya alikuwa akiuliza na mwanangu akijibu, neno baada ya neno, akikosea na kurudia, na nikaona wivu. Miaka ishirini na minne nimemsemesha mtoto huyu, na leo ndiyo mara ya kwanza namsikia akisema Kiswahili. Aliponigeukia kuniomba nimpitishie chai, aliniomba kwa Kiingereza.