Mistari Miwili kwenye Skrini

Mama Pacha alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, aliposikia mumewe akisema "maji" ndani ya chumba cha mazoezi. Neno lilitoka zito, la kuburuzwa, lakini lilikuwa neno. Kisha akamsikia yule binti akishangilia: "Umeona, Fundi? Mstari umelala!"

Moyo ulimchoma, na si kwa furaha. Tangu kiharusi kimwangushe mumewe juu ya cherehani, ni yeye aliyemlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Nyumbani hakuwahi kuambulia hata neno moja. Leo maji yanaombwa kwa mtu baki!

Kazi ya yule binti ilikuwa kuwafundisha watu kusema upya. Alimbandika Fundi vibandiko vyenye nyaya shavuni na chini ya kidevu, na mashine ikachora mkazo wa misuli kwenye skrini. Misuli ikijibana, mstari unapanda, ikilegea, unashuka. Taya la Fundi lilikaza kama ngumi, kwa hiyo alitakiwa autazame mstari, aushushe, ndipo afungue kinywa. Mama Pacha alielezwa yote hayo siku ya kwanza, akaitikia kwa kichwa, na rohoni akambatiza yule binti Dada Nyaya.

"Pole, wifi," dada yake Fundi alimtania jioni, akimenya vitunguu. "Umeletewa mke mwenza, tena wa kutumia umeme."

"Koma wewe."

"Mbona umenuna? Si kaka kasema?"

"Kasema kwake. Mimi ni wa kufua mashuka tu."

Fundi alikuwa kitini, anawasikia. Midomo yake ikaanza kutikisika. "Ch..."

"Chai? Chumvi? Choo?" Mama Pacha alishamfikia. "Choo. Haya, nyanyuka twende."

Fundi akafumba macho, na kinywa pia. Huko chooni alisimama tu akiangalia ukuta.

Safari iliyofuata Mama Pacha aligoma kubaki nje. "Leo naingia," alimwambia Dada Nyaya mlangoni. "Nataka nione anapewa nini humu ambacho mimi sina."

Akavutiwa kiti. Fundi alikuwa keshabandikwa, mstari umetulia chini kama uzi uliodondoka sakafuni. Mkewe alipokaa tu, ukaruka juu, ukabaki hukohuko.

Haikuhitaji elimu kuelewa: kwa yule mwanamke mwili wa mumewe unalegea, kwake unakaza.

"Basi," alisema. "Mashine imenijibu. Oaneni, mimi nirudi kwetu."

Fundi akatoa macho. "Ha..."

"Hapana? Hutaki? Una hasira? Usiniambie hasira, mwenye hasira hapa ni mimi!"

Dada Nyaya alikuwa hamtazami Fundi. Alikuwa anatazama kinywa cha Mama Pacha. "Mama, naomba nikubandike na wewe."

"Kwani mimi naumwa?"

"Huumwi. Nataka uone kitu."

Alikubali kwa kiburi tu: kama mume ana mstari, na yeye awe nao. Vibandiko vilikuwa vya baridi. Skrini ikawa na mistari miwili, wa juu wa Fundi, wa chini wa mkewe.

"Sasa, mama, usiseme lolote. Fundi, hiki nini?" Akanyanyua kikombe.

Fundi hajafungua mdomo, mstari wa mkewe ukaruka. Ndipo wa Fundi nao ukapanda zaidi, na neno likafia ndani. Dada Nyaya akanyanyua ufunguo, yaleyale. Mama Pacha hakuwa ametoa sauti, lakini taya lake lilikuwa limeshalitamka neno, limelimaliza, linamngoja.

"Anakuona usoni," Dada Nyaya alisema kwa upole. "Anajua ameshachelewa."

Mama Pacha alitamani kumzaba kibao, hasa kwa huo upole. Mtoto huyu atajua nini? Miaka yote dukani Fundi alishona pini zikiwa midomoni. Mteja akiuliza, Fundi anakunja uso, mkewe anajibu: kola haitabana, njoo kesho uchukue. Hawakuwahi kukosana na mteja. Ndivyo walivyopendana.

"Sasa nifanyeje?"

"Ushushe wako. Wa kwake mwachie mwenyewe."

Akaulegeza ulimi. Mstari ukashuka, ukapanda, ukashuka tena. Baada ya kitambo, wa Fundi nao ukaanza kuteremka. Akamtazama mkewe usoni, kisha begani.

"Na... ni..."

Nani nini? Maneno yalimjaa Mama Pacha kinywani. Akayaacha yalale humo humo.

"Nani... ka... shona?"

Gauni! Lilikuwa jipya. Alilipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, maana cherehani yao ilifunikwa shuka, na yeye hakutaka kukaa mbele ya binti wa watu akiwa amechakaa.

"Mkono... ume... pinda."

Macho ya Fundi yaliwaka wivu mtupu. Mwanamume mwingine amempima mkewe mabega! Mama Pacha akaona raha mpaka miguuni, Dada Nyaya atabasamu asitabasamu. Lakini hakujibu. Midomo ya Fundi ilikuwa bado inatafuta kitu, naye akaukazia macho mstari wake, akaushikilia chini.

"M... shamba... yule," Fundi alimaliza, jasho likimtoka.

Ndipo mkewe akajibu.