Kujiamini kwa Muhula Mzima

Barua ya shule ilitaka vitu vitatu: ufagio mmoja, kipande cha sabuni, na kujiamini kwa kutosha muhula mzima. Mtoto atakayekosa hata kimoja siku ya Ijumaa, siku ya kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, atarudishwa darasa la pili.

Ufagio tulikuwa nao. Sabuni mke wangu aliikata kwenye mche. Hicho cha tatu ndicho kilichotutoa jasho, maana binti yetu, tunayemwita Kifungo, alikuwa na mwezi mzima hajasoma neno kwa sauti. Siku moja aliruka mstari, darasa likamcheka. Mimi ni mshonaji na mdomo wangu hauna breki, nikawasimulia wateja, nao wakacheka hadi machozi. Kumbe mwenyewe yuko chini ya meza ya cherehani, anaokota vifungo. Najua nilichofanya, sihitaji kukumbushwa.

Nilikwenda sokoni kwa muuza vifaa vya shule.

"Kujiamini kumekwisha," akasema. "Wazazi wa darasa la saba wamebeba kote. Chukua kompasi."

Nikarudi mikono mitupu. Mke wangu akafikiri, akasema, "Jogoo wa jirani je?"

Kweli bwana! Jogoo yule huingia kwetu bila hodi, hupanda juu ya cherehani na kunitazama kana kwamba mgeni ni mimi. Kama kujiamini kungekuwa na miguu, basi ni ile miwili yake. Jirani alituazima kwa sharti moja tu, asipewe hesabu.

Ijumaa mlinzi wa geti alikagua ufagio, akanusa sabuni, akamtikisa jogoo karibu na sikio. "Kujiamini huku ni halisi," akasema, akampiga muhuri wa bluu kwenye bawa. Mimi nikabaki dirishani pa darasa.

"Haya, Kifungo na kujiamini kwako," mwalimu akasema, "simameni."

Jogoo aliwatazama watoto arobaini, nao wakamtazama. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Darasa likaangua kicheko. Jogoo akaruka chini ya dawati, akaficha kichwa bawani, akatetemeka.

"Jogoo wa shamba hawiki mjini," mlinzi akaninong'oneza. Geti alikuwa ameliacha wazi. "Ila muhuri wangu haufutiki."

Nilitaka kuingia nimbebe mwanangu nikimbie naye. Lakini mahali pake palikuwa patupu. Alikuwa ameingia chini ya dawati na kitabu chake.

"Usilie," akamwambia jogoo. "Wanacheka, halafu wanasahau. Wengine ndio wanakwenda kusimulia."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ngoja nikusomee," akasema.

Akamsomea, pole pole. Darasa likanyamaza ili lisikie. Mwalimu alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi sakafuni na kalamu yake nyekundu. Katikati ya ukurasa Kifungo akaruka mstari, akasita. "Nimeruka," akamwambia jogoo. "Turudi." Wakarudi. Hakuna aliyecheka.

Mchana ikaja barua ya pili: "Kujiamini mlikotuletea kuna hitilafu. Tafadhali mje mkuchukue. Mtoto abaki darasa la tatu."

Jioni nilimkuta Kifungo mahali pake, chini ya meza ya cherehani, kitabu mapajani. Nikajikunja nikaingia, magoti yakinilalamikia.

"Nilikucheka, mwanangu," nikamwambia. "Nilikosea. Nisamehe."

Akafungua kitabu. "Utasikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akaanza. Mstari wa tatu akakwama kwenye neno. Neno nalijua, liko kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikabana pini tatu midomoni, kama ninavyofanya nikipinda gauni, nikangoja.

Mlangoni mteja akabisha. "Hodi! Fundi yupo?"

Nikazidi kubana pini.

"Yupo," Kifungo akajibu, kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, "ila subiri kidogo. Ninasoma."