Hema la Veikko Mlangoni mwa Kliniki

Oktoba ile, kila alipompeleka mumewe kliniki kusafishwa damu, Sylvi Hakala aliangalia chini kwanza kabla ya kuangalia mlango. Chini palikuwa na lami mpya, nyeusi tii, haina hata mstari mmoja. Wenye jengo walikuwa wamechelewa kuimwaga, na sasa magari yalikaa ovyo kama viatu mlangoni mwa nyumba yenye wageni.

Sylvi hakuogopa magari. Aliogopa theluji. Majira ya baridi yaliyopita mistari ya zamani ilikuwa imekwanguliwa ikaisha, na dereva wa gari la kuondoa theluji, asijue wapi ni wapi, akaanza kurundika theluji pale penye nafasi tupu karibu na mlango. Ile ndiyo iliyokuwa nafasi pana ya viti vya magurudumu. Sylvi akawa anamsukuma mumewe Veikko kwenye kiti chake kutoka mbali, mpaka siku moja gurudumu likazama na Veikko akaanguka ubavu. Alilala pale anatazama mawingu, anatania, hadi muuguzi mmoja alipotoka mbio bila koti akamfunika kwa sweta yake mwenyewe. Sylvi hajaisahau sweta ile. Lakini hajasahau pia alichosema Veikko usiku ule wakinywa chai. Alisema kwa upole kwamba baridi nyingine ikiwa kama hii, yeye haendi tena kliniki. Veikko akitania, hupaza sauti. Akisema kwa upole, anamaanisha.

Kwa hiyo Jumatano Rolande Pelletier alipofika na mashine yake ya kupulizia rangi ili achore mistari mipya, Sylvi alimpeleka mumewe ndani, kisha akarudi kukaa garini kumtazama. Rolande alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia ya sufu iliyojaa madoadoa ya njano. Alifagia kwanza. Akavuta uzi wa chaki kutoka ukingo hadi ukingo, akaupiga ukaacha alama, akaenda kuutazama kutoka upande wa pili, akaufuta na kuupiga upya. Jua la mchana lilikuwa limeipasha lami, na mashine ilipoanza kutembea, mama yule alitembea nayo taratibu kama mtu anayebeba bakuli la supu iliyojaa. Mstari ulitoka nyuma yake umenyooka, mweupe. Sylvi aliona raha kumtazama kuliko kutazama televisheni.

Saa za Veikko zilipokwisha na Sylvi kumrudisha garini, uwanja wote ulikuwa na mistari isipokuwa pale mlangoni. Rolande alikuwa amepiga magoti hapo, kiganja chake kimelala juu ya lami.

"Hapa bado, mama," alisema.

"Bado mpaka lini?"

"Kivuli cha jengo hakiondoki hapa tena mwaka huu. Lami ni baridi kama tumbo la samaki. Nikiipaka hivi, gari la theluji likipita mara ya kwanza litaibandua rangi yote. Msimamizi anasema tungoje Mei."

Sylvi hakukusudia kumwambia mtu asiyemjua mambo ya nyumbani kwake, lakini akajikuta amemwambia yote, ya kuanguka na ya yale maneno ya upole. Rolande alisikiliza huku anapangusa mashine. Hakuahidi kitu. Sylvi alimpenda kwa hilo.

Kioo cha gari kikashuka. "Mnanisema mimi au mnazungumzia hali ya hewa?" Veikko aliuliza.

"Hali ya hewa," alijibu Sylvi.

"Basi ni mimi. Ya hali ya hewa huwa unayasema kwa sauti."

Rolande alicheka. "Ni kweli ni baridi, mzee. Ardhi imenishinda."

"Ardhi tu? Mimi nimekaa juu ya barafu ya ziwa miaka yote na shati moja, ndani ya hema langu. Jiko la gesi pembeni, samaki chini, kwenye tundu la barafu. Jirani yangu Urho ananidai nimpe hema lile. Nimemwambia angoje nife."

Rolande aliacha kupangusa. "Hema hilo lina sakafu?"

"Hema lenye sakafu utavulia wapi, dada? Kwenye ndoo?"

Rolande alitazama lami, akamtazama Veikko, akatazama lami tena. Sylvi naye akaelewa: hema lisilo na sakafu lingeweza kuipasha lami joto.

"Mzee," Rolande alisema, "kesho utaniazima?"

"Siliazimi. Linakwenda na mimi."

Asubuhi ya Alhamisi, jirani yao Urho alilitoa hema gereji, ambako lilikuwa limelala tangu Veikko alipougua, akalibeba hadi kliniki. Sylvi alileta kahawa ya chupa na mkate mtamu wa iliki. Veikko alikaa kwenye kiti chake, blanketi magotini, akatoa amri.

"Kamba ile, Urho, siyo hiyo. Umeshakuwa mzee wa kusahau."

"Nimejifunza kwako, bwana."

Kwa kuwa lami mpya haipigwi vigingi, walilifunga hema kwenye ndoo za rangi zilizojaa. Urho akawasha jiko ndani na kufunga kila mlango ili joto lisitoke. Baada ya muda Rolande aliingiza mkono chini ya pindo, akautoa umelowa.

"Imetoka jasho," alisema. "Haifai. Juu ya maji rangi haishiki."

Veikko ndiye aliyekasirika.

"Urho, umefunga na kidirisha cha juu?"

"Si nilitaka joto?"

"Na ziwani huwa tunafanya nini? Jiko la gesi linapumua mvuke kama mtu. Fungua juu, inua pindo upande wa upepo, vidole viwili tu. Unataka tuvue samaki kwenye sauna ya mvuke?"

Urho alifungua bila kubisha. Dada mmoja wa saluni ya jirani, aliyekuwa akiwachungulia dirishani tangu asubuhi, alitoka na kikapu cha taulo, akapiga magoti pamoja na Rolande wakapangusa jasho lote. Hakuna aliyemwomba. Safari hii lami ilikauka. Rolande aliilalia kwa shavu, akatabasamu.

Walitoa jiko nje kwanza. Kisha Rolande akamwambia Sylvi, "Teremsha ule ubao wa gari wa kushushia kiti, mama, nione unafika wapi." Sylvi aliuteremsha. Rolande alipima kwa kamba kutoka mlango wa gari hadi mwisho wa ubao, kisha akaongeza nafasi ya mtu kusimama nyuma ya kiti na kukigeuza bila kuhangaika. Sylvi alisimama hapo akajiona amepimwa kama kwa fundi nguo.

Mashine ingejaza hema ukungu wa rangi, kwa hiyo Rolande alivua glavu akapaka kwa brashi, amejikunja humo ndani kwa magoti. Alipaka buluu, akangoja, akalaza kiolezo cha bati, akapaka mchoro mweupe wa kiti cha magurudumu. Kahawa aliinywa nje, asije akadondosha tone. Walilihamisha hema mara kadhaa kwa ajili ya mistari ya pembeni, na kila lilipohamishwa Veikko alihamishwa nalo.

Msimamizi wa jengo alipita mchana, akasimama kutazama hema la kuvulia samaki katikati ya maegesho yake.

"Kuna samaki humo?" aliuliza.

"Mmoja," alisema Veikko. "Wa buluu. Usipige kelele."

Msimamizi alichuchumaa, akatazama, akaomba kipande cha mkate. Alipoondoka alimpigia simu dereva wa theluji aje kusimika fito zake za kuonyesha mipaka mapema, maana ardhi ilikuwa karibu kuganda.

Theluji ilianguka usiku wa Jumapili moja ya Novemba. Asubuhi Sylvi aliendesha polepole, na alipokata kona ya mwisho hakutaka kutazama. Uwanja ulikuwa mweupe wote. Mistari mizuri ya Rolande haikuonekana hata mmoja, na watu walikuwa wamejipanga kwa kumfuata aliyetangulia. Lakini mlangoni fito mbili zenye vichwa vya rangi ya chungwa zilisimama huku na huku, na kati yao palikuwa wazi. Rundo la theluji lilikuwa mbali, nyuma ya nguzo ya taa.

Alishusha ubao. Kiti kiliteremka, kikageuka mara moja tu, bila kuhangaika. Veikko alinyoosha mguu akakwangua chini kwa kisigino cha buti. Buluu ikatokea. Akakwangua tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayetafuta kasoro.

"Imeshika," alisema.

Sylvi alikuwa anafunga vifungo vya koti lake ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

"Jumatano tuje mapema," Veikko alisema, kwa upole. "Na ufagio. Nataka niione buluu yote kabla watu hawajaikanyaga."