Fidla ya Ghorofa ya Tisa

Hivi wewe umewahi kumpigia makofi mtu anayepiga fidla isiyolia? Watu wa mji wa Kunming, Uchina, wamempigia Ilie Cojocaru kwa miaka, tena kwa furaha.

Ilie alitoka Moldova akiwa kijana, fidla ameisomea hasa. Kazi aliyoipata mjini ilikuwa ya sura. Kampuni ikitaka kuuza nyumba ambazo hazijajengwa, dalali Pang humvika koti jeusi, humtangaza kuwa ametoka Vienna, mji wa muziki, akamsimamisha jukwaani. Upinde hupakwa sabuni usikwaruze nyuzi, na muziki hutoka kwenye spika iliyofichwa nyuma ya maua. Watu husema penye Mzungu na fidla hapakosi ukweli, wakaenda mezani kutia dole gumba.

Kwa kuwa hakuna aliyemsikia, Ilie alipiga alichotaka. Siku ya kuuza jengo la Makazi ya Vienna spika ilipiga muziki wa harusi, naye chini ya sabuni akapiga wimbo wanaowaimbia maiti kijijini kwao, mwanzo hadi mwisho.

Mwenye kampuni alitoroka jengo likiwa mifupa. Benki haikuacha kuwakata walionunua pesa za mkopo wa nyumba, na kodi ya pengine hawakuiweza, basi wakahamia humo humo, wakitundika maturubai penye nafasi za madirisha na kupanda na maji kwa ndoo. Bibi Tao Guizhen, mstaafu wa kiwanda cha nguo, alikaa ghorofa ya tisa. Jioni yake ya kwanza, akikaanga pilipili, ukuta wa jikoni ukaanza kulia ule wimbo wa maiti. Alipunguza moto asikie vizuri, kisha akauongeza, pilipili zisije zikalainika. Tangu hapo hulia kila jioni. Wimbo ukifika pale unapopanda, vitunguu vyake huwa tayari vimekatwa. Pale wimbo unapotokea, ukuta hutoa unyevu, kwa hiyo sufuria alizihamishia upande wa pili zisishike kutu.

Na jioni hiyohiyo fidla ya Ilie ilinyamaza kabisa, hata upinde ukioshwa. Fundi aliigonga mgongo, akamwambia chombo ni kizima, sauti ndiyo imehama. Mwuza mboga anayepita kwenye jengo lile akamweleza ilikohamia. Ilie alinunua machungwa, akapanda ngazi zisizo na kishikio hadi kwa Bibi Tao.

"Ndiye huyu Vienna?" aliuliza Bwana Duan, jirani, akiwa na ndoo zake. "Karibu, mheshimiwa. Ile lifti mliyotuahidi ndiyo hii." Akayapiga magoti yake kwa kiganja.

"Mwache apumue," alisema Bibi Tao. "Kaa, mwanangu. Umekula?"

Ilie aliweka sikio ukutani. Alisikia mkono wake mwenyewe, hata pale kidole chake kidogo kinapoteleza siku zote.

"Ni yangu," alisema. "Nimekuja kuichukua."

Bwana Duan alitua ndoo. "Chukua. Lakini tuelewane kwanza. Katika vyote tulivyouziwa, bustani, bwawa, shule ya chekechea, hicho ndicho pekee tulichokabidhiwa. Ukikibeba, tuseme tulinunua nini?"

Ilie aliegemeza fidla ukutani. Nyuzi zikaanza kutetemeka, wimbo ukafifia, na chumba cha pili mtoto mchanga wa majirani, ambaye hulala kwa wimbo huo, akaangua kilio. Ilie akaiondoa. Wimbo ukarudi ukutani, mtoto akanyamaza. Alirudisha fidla kwenye sanduku, akafunga.

Simu ikalia. Alikuwa Pang. "Jumamosi, Makazi ya Venisi. Nasikia fidla yako siku hizi hailii yenyewe. Afadhali, tutaokoa sabuni."

"Nitakuja," alisema Ilie.

Bibi Tao alimwekea bakuli la tambi za mchele. "Kazi?"

"Kazi, mama."

"Wanauza nyumba?"

"Wanauza."

Bibi alimwongezea kitunguu. "Siku ile nilikuwa mstari wa mbele. Ulitutazama sana, mmoja mmoja. Nikasema huyu kijana anatafuta mchumba."

"Angekuchukua wewe, angalau ungelala penye mlango," alisema Bwana Duan.

"Nyamaza, nauliza. Ulikuwa unataka nini, mwanangu?"

Ilie alikula tambi zote, akanywa na mchuzi. Ukuta ulikuwa umefika mwisho wa wimbo, ukatulia.

"Nilitaka mmoja wenu asogee karibu," alisema. "Asikie kwamba hailii. Awaambie wengine."