Tone Moja la Chanjo

Mtaani walimwita Mama Kuku. Mumewe, fundi seremala, aliitikia jina la Baba Kuku bila haya, ingawa hakujua hata yupi anataga na yupi anakula bure. Yeye na mbao zake, mkewe na kuku wake. Alitoka asubuhi kwenda karakana, na akirudi alikuta banda limefagiliwa na mayai yamekaangwa. Alijua tu kwamba mara moja moja daktari wa mifugo, dada mmoja mwenye pikipiki na sanduku la barafu, hupita mchana kuwaona kuku.

"Kuku wa nyumba hii wanatunzwa kuliko mimi," alizoea kutania. "Mimi nikiumwa jino naambiwa nisukutue maji ya chumvi."

"Anza kutaga kwanza," mkewe humjibu.

Kisha kiharusi kikamwangusha mama wa watu akipepeta pumba uani. Kikachukua mkono, mguu na karibu maneno yote. Fundi alifunga karakana. Alijifunza kupika uji usio na madonge, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, na kuwamwagia kuku mtama. Kitanda alikisogeza dirishani ili mkewe awaone hao watoto wake wenye mabawa, maana wa kuzaa walikuwa mbali, sauti zao za simu tu.

Asubuhi moja mkewe alimvuta shati. "Ji... cho," alisema.

"Jicho linakuuma?"

Akatikisa kichwa. "Jicho. Ku..." Neno likakwama, mate yakamtiririka.

Fundi akamfuta, akainama, akayatazama macho. Yalikuwa mekundu kweli. Akaenda duka la dawa, akarudi na kichupa cha dawa ya matone. Alipomdondoshea, mkewe aligeukia ukutani akalia. Kesho yake ikawa yale yale: jicho, jicho. "Vumilia, mke wangu," alimbembeleza. "Dawa haiponyeshi kwa siku moja." Mkewe akainua mkono mzima, akaelekeza dirishani. Fundi akadhani mwanga unamsumbua, akashusha pazia.

Mwishowe mama yule alichoka, akaacha kusema. Fundi akamshukuru Mungu kwamba jicho limepona.

Jogoo mwekundu ndiye aliyeanza kusinzia. Kufikia jioni shingo ilikuwa imejipinda, kichwa kinatazama mgongoni. Wengine wakaharisha kijani, wakatweta midomo wazi, wakakokota mabawa. Fundi alimpigia simu daktari, naye akaja, ila hakukanyaga bandani. Alisimama mlangoni akatazama, uso ukamshuka.

"Ni kideri, baba. Walichanjwa lini mara ya mwisho?"

"Chanjo gani?"

"Mama alikuwa hakosi. Kila baada ya miezi mitatu ananipigia mwenyewe. Safari hii kimya. Nikadhani kwa ugonjwa wake mmeshawauza."

"Basi wadunge sindano sasa hivi."

"Hii si ya sindano. Ni tone moja tu, jichoni."

Fundi akashika nguzo ya banda. Daktari hakujua amesema nini, akaendelea kumweleza taratibu. "Lile tone lina kirusi cha kideri, ila kile dhaifu, kisichoweza kuua. Mwili wa kuku unakizoea na kujifunza kupigana nacho. Kikija kile kikali, kinakuta wenyeji wamejiandaa. Lakini kujifunza kunataka wiki mbili, tatu. Hawa wameshavamiwa, baba, na chanjo si dawa. Nisikudanganye."

"Jicho," Fundi alisema. "Alikuwa ananiambia jicho. Nikamtia dawa yeye."

Daktari akamwelekeza jinsi ya kuwafukia watakaokufa na kujisafisha.

Wote walikufa. Fundi alichimba shimo refu nyuma ya choo akawafukia, akaoga, akabadilisha nguo na viatu kama alivyoelekezwa. Kisha akasimama njiani, akawaita majirani mmoja mmoja: kuku wenu wakiwa wazima bado, mwiteni daktari leo hii, msingoje kama mimi. Wawili watatu walimsikiliza.

Ndipo akaingia chumbani, akafungua pazia. Uwanja ulikuwa mtupu. "Nimekuulia kuku wako," alisema. "Ulinipigia kelele kwa sauti uliyobakiwa nayo, na mimi nikakufungia dirisha." Akapiga magoti, kichwa akakilaza ukingoni mwa kitanda, akalia kama mtoto. Mkono mzima wa mkewe ulimtafuta ukamkuta kisogoni.

"Ba... si," alisema. "Basi."

Kiharusi cha pili kilimchukua kabla ya mwezi kwisha. Watoto walikuja, wakazika, wakakaa kidogo, wakarudi makwao. Fundi akabaki na nyumba.

Jirani mmoja, ambaye kuku wake walichanjwa mapema wakanusurika, alimletea mtetea na vifaranga wake kapuni. "Hawa ni wako, Baba Kuku. Bila wewe nisingekuwa nao."

Fundi alimshukuru. Alimpapasa yule mtetea mgongoni, akamrudisha kapuni.

"Kaa nao kwanza," alisema. "Daktari anataka banda likae tupu muda. Na mimi, ndugu yangu, mikono yangu bado haijawa tayari."

Jirani hakubishana. Aliliweka kapu chini, akaketi naye kibarazani mpaka jua likawahamisha.